Likizo ya Visiwani: Chakula, Vinywaji na Wanyama wa Ssese

Mwanafunzi wa Kampala akisikia maneno "likizo ya visiwani" mara hufikiri Unguja, Lamu au Mafia, mahali pa minazi na maji ya chumvi. Lakini sisi pia tunavyo visiwa, tena karibu. Visiwa vya Ssese vimo katika Ziwa Viktoria, kusini-magharibi ya Entebbe. Idadi yake ni 84, na kilicho kikubwa kupita vyote ni Bugala, ambacho urefu wake wapita kilometa 40. Mwaka 1989 visiwa hivi vilitengwa na Masaka vikawa wilaya peke yake, Wilaya ya Kalangala.

Katika somo hili hatutakariri ramani. Tutatazama vitu ambavyo mgeni huviona kwa macho yake: samaki aliye katika sahani, kinywaji kilicho katika kibuyu, mnyama achunguliaye kichakani, na wadudu wanaoingia taani jioni. Na kila kimoja tutakiuliza swali moja: ulifika lini hapa, na ni nani aliyekuleta? Maana mgeni hudhani kwamba kisiwa ni mahali pa kale pasipobadilika. Kumbe huko Ssese karibu kila kitu kilicho mezani na msituni kina tarehe yake.

Kwanza safari yenyewe. Ukitoka Kampala kwa njia ya Masaka utavuka Ikweta mahali paitwapo Kayabwe, mwendo wa kilometa 75 hivi kutoka mjini. Hapo vijana huwaonyesha watalii mabeseni yenye tundu chini. Kaskazini ya mstari maji huzunguka upande mmoja, kusini huzunguka upande mwingine, na juu ya mstari hushuka wima bila kuzunguka. Ni mchezo mzuri, na vijana wale wapata riziki yao, lakini mwanafunzi wa fizikia asidanganyike. Kuzunguka kwa dunia hupindisha kweli mwendo wa pepo kubwa za baharini, ila nguvu hiyo ni ndogo mno kuonekana katika beseni. Maji yale hufuata jinsi mkono wa mtu ulivyoyamimina. Basi toa senti zako kwa furaha, na akili yako uiweke mfukoni. Baada ya Masaka njia huteremka hadi Bukakata, na hapo feri huvusha watu na magari mpaka Luku, katika kisiwa cha Bugala, kwa muda usiotimia saa moja. Atakayepanda mashua badala ya feri avae koti la kujiokoa, hata kama ni fundi wa kuogelea. Ziwa hili huchafuka ghafula.

Sasa tukae mezani. Chakula cha mgeni aghalabu ni matoke na samaki, na samaki mwenyewe ni sangara, ambaye kwa Kiganda aitwa mputa. Ni samaki mkubwa, mweupe wa nyama, mwenye mafuta. Wamepata kuvuliwa wenye uzito wa kupita kilo 100. Mgeni hufurahi na kusema kwamba amekula chakula cha asili cha Ssese. Lakini mzee aliyezaliwa visiwani kabla ya 1950 hakumjua sangara utotoni mwake. Samaki huyu si mwenyeji wa Ziwa Viktoria. Aliletwa kutoka Ziwa Albert na Ziwa Turkana, kwanza bila ya kutangazwa, katika miaka ya 1950, kisha waziwazi katika miaka ya mwanzo ya 1960.

Kwa nini aliletwa? Ziwa lilikuwa limejaa samaki wadogo waitwao furu, ambao Waganda huwaita nkejje. Maofisa wa uvuvi wa wakati ule waliona kwamba furu ni mdogo, ana miba mingi, na hana bei sokoni. Wakafikiri: tukitia samaki mkubwa alaye wadogo, wadogo watageuka kuwa nyama ya mkubwa, na mkubwa atauzwa. Wataalamu wengine walipinga. Mmoja wao, Geoffrey Fryer, aliandika mwaka 1960 kuonya kwamba samaki huyo asitiwe ziwani. Hakusikilizwa. Kwa muda wa miaka 20 hivi halikuonekana jambo kubwa, kisha katika miaka ya 1980 sangara wakaongezeka kwa ghafula, na furu wakapotea.

Hapa yafaa tukae kidogo, kwa sababu wengi hawajui ni kitu gani kilichopotea. Wataalamu husema kwamba Ziwa Viktoria, ambalo ni pana kuliko maziwa yote ya Afrika lakini halina kina kirefu (mahali penye kina kupita pote ni mita 80 tu au zaidi kidogo), lilikauka kabisa miaka kama 15,000 iliyopita. Maji yaliporudi, furu waligawanyika wakawa aina nyingi, zapata 500, kila aina na kazi yake: huyu hula konokono, yule hukwangua mwani kwenye mawe, mwingine hula mayai ya wenzake. Ni nadra mahali popote duniani viumbe vyenye uti wa mgongo kugawanyika namna ile kwa muda mfupi hivyo. Na baada ya sangara, aina 200 au zaidi hazikuonekana tena. Haidhuru kusema kwamba wengine walipotea kwa sababu nyingine pia, kama uchafu wa maji na nyavu zenye macho madogo. Lakini sangara ana sehemu kubwa. Mama wa Kiganda huijua hasara hii bila kusoma kitabu. Desturi ilikuwa kwamba mtoto mwenye surua, au aliyedhoofika kwa kukosa chakula cha kujenga mwili, hupewa nkejje waliokaushwa wakasagwa. Leo nkejje hupatikana kwa shida, na kwa bei.

Kuna jambo jingine ambalo maofisa wale hawakulifikiria. Furu aliweza kukaushwa juani, kwa sababu hana mafuta mengi. Sangara hakaushiki kwa jua. Huoza kabla ya kukauka. Yapasa achomwe kwa moshi, na moshi wataka kuni. Hivyo samaki aliyetiwa majini akaja kukata miti ya nchi kavu.

Wala si kwamba kila mtu wa visiwani humla sangara. Tangu viwanda vya kukata minofu vilipojengwa kando ya ziwa, minofu husafirishwa Ulaya na kwingineko, na kinachobaki ni kichwa na mifupa, ambayo wengine wameipa jina zuri la mgongo wazi. Mifupa hiyo hukaangwa, nayo ndiyo mboga ya wengi. Hata bondo, ule mfuko wa hewa uliomo tumboni mwa samaki, huuzwa Uchina kwa bei kubwa kuliko nyama yake. Mwaka 1999 biashara ilisimama kwa miezi, maana nchi za Ulaya zilikataa samaki wa ziwa hili baada ya kujulikana kwamba baadhi ya wavuvi walikuwa wakitumia sumu. Na mwaka 2017 askari wa jeshi walipewa kazi ya kulinda sheria za uvuvi ziwani. Wako wasemao kwamba samaki wameongezeka, na wako wanaolia juu ya mashua zilizochomwa moto. Ukikaa mwaloni utayasikia maneno yote mawili katika saa moja.

Maskini wa kisiwani hula dagaa, yaani mukene. Huyu ni mwenyeji wa kweli, tena ameshinda mashaka yote. Huvuliwa usiku wa giza, mwezi usipokuwapo, kwa taa zinazowakusanya samaki karibu na mashua. Ukisimama ufukweni usiku huo utaona taa nyingi majini, utadhani ni mji. Asubuhi dagaa huanikwa. Wakianikwa mchangani hutafunika na mchanga wao, na meno yako yatakuambia. Wakianikwa juu ya chanja za wavu huwa safi na bei yao hupanda. Ukipikiwa dagaa kwa rojo ya karanga, usiulize habari ya sangara tena.

Tuuache ufuko sasa, tuingie msituni, maana huko nako kuna tarehe. Mgeni hustaajabia miti mikubwa ya Bugala na kunong'ona kwamba msitu huu haujaguswa tangu mwanzo wa dunia. Sehemu nyingine ni kweli za kale. Lakini sehemu nyingi za visiwa hivi zilikuwa migomba na nyumba za watu, na watu waliondolewa kwa sababu ya malale.

Ugonjwa wa malale ulitambuliwa mwaka 1901 katika hospitali ya Mengo, na madaktari ndugu wawili, Albert Cook na Jack Cook. Katika miaka iliyofuata uliua watu wapatao 200,000 au zaidi katika Busoga, Buganda na visiwa. Mwaka 1903 ilijulikana kwamba sababu yake ni kijidudu kiingiacho katika damu, na kwamba aletaye ni mbung'o akaaye vichakani kando ya maji. Mwaka 1906 Robert Koch, daktari mashuhuri wa Ujerumani, alipiga kambi katika Bugala akawatibu wagonjwa kwa maelfu. Dawa yake iliitwa atoxyl, nayo ilikuwa na sumu ya aseniki ndani yake. Wengine walipata nafuu kwa muda. Wengine walipofuka macho. Mwishowe Serikali ya Gavana Hesketh Bell ikaamua kuwatenga watu na mbung'o. Watu wa pwani ya ziwa walihamishwa, na mnamo mwaka 1909 ikawa zamu ya watu wa Ssese. Fikiri ni watu gani: mabaharia wa Buganda, mafundi wa mitumbwi ya mbao zilizoshonwa kwa nyuzi za mkindu, ambao makafia yao yalipeleka majeshi ya Kabaka, watu ambao kisiwa chao cha Bubembe kilikuwa na hekalu la Mukasa, mungu wa ziwa, aliyeletewa zawadi na wafalme. Wakaamriwa kuacha migomba yao, mitumbwi na makaburi, wakaenda bara. Hawakurudi mpaka miaka ya 1920, na wengi hawakurudi kabisa. Watu unaowakuta leo myaloni wametoka pande zote, Buganda, Kenya, Tanzania na Kongo, na ndiyo maana Kiswahili chasikika huko kuliko katika mitaa mingi ya Kampala.

Watu walipoondoka, wanyama walibaki na migomba ikamezwa na kichaka. Daktari Mwingereza, G. D. Hale Carpenter, aliishi visiwani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza akichunguza mbung'o, na kitabu chake juu ya mambo hayo kilichapishwa mwaka 1920. Jambo lililowashangaza wachunguzi wa wakati ule ni kwamba mbung'o hawakufa njaa ingawa watu hawapo. Walikuwa wakinyonya damu ya nzohe, na nzohe huyo alionekana kuwa na kijidudu cha malale mwilini mwake bila ya kuugua.

Nzohe ni mnyama wa kutazamwa sana. Ni jamii ya pongo, mwenye manyoya marefu na kwato ndefu zilizopanuka, ambazo humwezesha kutembea juu ya matope na mafunjo bila kuzama. Akiogopa huingia majini akabakiza pua tu. Hivyo ndivyo nzohe wa bara. Lakini katika kisiwa cha Nkosi, kimojawapo cha Ssese, nzohe wamezoea kukaa katika nchi kavu, na kwato zao ni fupi kuliko za wenzao. Wataalamu wakawapa jina lao peke yao mwaka 1916. Hapo utaona kwamba kisiwa hufanya kazi pole pole juu ya mwili wa mnyama, kama kilivyofanya ziwa juu ya furu.

Usitafute simba wala tembo; hawamo. Wamo viboko, nao ndio wa kuogopwa kuliko wote, hasa usiku wapandapo kula majani. Wamo tumbili, kenge, chatu na fisi maji. Juu mitini wamo hondohondo, na kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, ambaye watu wengine humwiba awe ndege wa nyumbani. Kufanya hivyo ni kosa kwa sheria. Furukombe hulia asubuhi, na sauti yake ukiisikia mara moja huisahau.

Sokwe je? Watu wengi huuliza. Sokwe wako Ngamba, kisiwa kidogo kilicho kama kilometa 23 kutoka Entebbe, si katika Ssese yenyewe. Hao nao hawakuzaliwa pale. Mwaka 1998 kisiwa kile kilifanywa makao ya sokwe yatima walionyang'anywa wawindaji na wachuuzi. Kilichaguliwa kisiwa kwa sababu sokwe hawezi kuogelea, hivyo maji ni ukuta usio na gharama. Msitu wa Ngamba hautoshi kuwalisha, kwa hiyo hupewa matunda na uji kila siku, na mgeni huweza kuwatazama kutoka jukwaani wakigombania maembe. Ndugu zetu wa Tanzania walitangulia katika jambo kama hili: katika miaka ya 1966 hadi 1969 sokwe waliotoka katika bustani za wanyama za Ulaya walifunguliwa katika kisiwa cha Rubondo, kusini ya ziwa hili hili, na wajukuu wao wako mwituni mpaka leo bila kulishwa na mtu. Tofauti ni ukubwa wa kisiwa.

Sasa wadudu, ambao wageni huwachukia na wenyeji huwala. Siku nyingine utaona moshi umesimama juu ya ziwa kama nguzo, utadhani meli inaungua. Si moshi, ni usubi wa ziwa, mamilioni kwa mamilioni, waliotoka majini siku moja ili kuzaa na kufa. Hawaumi. Funga mdomo tu upitapo. Tena mnamo Novemba huja senene, na kwa Kiganda mwezi huo waitwa Musenene. Hunaswa usiku kwa taa kali na mabati mapya yaliyosimamishwa juu ya mapipa. Senene hugonga bati, huteleza, hutumbukia. Hukaangwa kwa mafuta yao wenyewe, pamoja na kitunguu. Desturi ya zamani ilikuwa na dhuluma ndani yake: mwanamke ndiye aliyekamata senene na kuwapika, lakini hakuruhusiwa kuwala; vivyo hivyo kuku, mayai na kamongo. Mume alimpa nguo kuwa malipo. Siku hizi mwanamke hula senene kwa haki yake, na nguo hupewa pia akiwa na bahati.

Nimetaja kamongo, samaki apumuaye hewa na awezaye kujizika katika tope kiangazi chote. Kwa Kiganda ni mmamba, na hapo ndipo jirani yako mezani aweza kukataa sahani bila kuugua. Ukoo wa Mmamba, ambao ni mkubwa sana katika Buganda, haumli kamongo kwa kuwa ni mzizo wao. Vivyo hivyo wako watu wa Nsenene, wa Nkejje, wa Ng'onge ambaye ni fisi maji, na wa Nvubu ambaye ni kiboko. Mgeni mwenye adabu humwuliza mwenyeji mzizo wake kabla ya kupika.

Tukija kwa vinywaji, cha watoto na watu wote ni mubisi, maji matamu ya ndizi mbivu yaliyokamuliwa kwa miguu pamoja na majani makavu. Mubisi ukitiwa mtama uliokaangwa na kusagwa, ukafunikwa kwa majani ya mgomba siku moja au mbili, huwa pombe iitwayo tonto. Chombo cha kukamulia ni gogo lililochongwa, na jina lake kwa Kiganda ni lyato, neno lile lile la mtumbwi. Juu ya waragi nitasema kidogo tu. Ile ipikwayo vichakani huweza kuwa na sumu ya kupofusha na kuua; mwaka 2010 watu wengi walikufa huko Kabale kwa kunywa ya namna hiyo.

Na kahawa? Kahawa ya Robusta ni mwenyeji wa nchi hizi, na huko Ssese yapandwa tangu zamani. Lakini desturi ya Waganda, na ya jirani zao Wahaya wa Bukoba, haikuwa kuinywa. Tunda huchumwa kabla ya kuiva, huchemshwa na majani yenye harufu nzuri, hukaushwa, kisha hutafunwa. Mgeni hupewa katika kikapu kidogo kabla ya neno lolote. Wanaume wawili walipotaka kuwa ndugu waligawana punje mbili zilizomo katika tunda moja, kila mmoja akapaka yake damu yake, wakabadilishana, wakameza.

Limebaki jambo moja ambalo mgeni wa leo hawezi kutoliona: michikichi. Tangu miaka ya 2000 maelfu ya hekta katika Bugala yamepandwa michikichi ya mafuta ya kula, na msitu mwingi umekatwa. Wakulima wadogo wamepata fedha, barabara zimepatikana, na mafuta ya kupikia nchini hayatoki ng'ambo yote tena. Haya si mambo madogo kwa watu ambao watoto wao hawakuwa na karo. Hata hivyo mimi naona tumerudia hesabu ya sangara: tumetazama bei ya kitu kimoja, na vile vilivyokuwapo havikuhesabiwa kwa sababu havikuwa na bei. Tofauti ni kwamba safari hii msitu haujaisha, na nzohe wa Nkosi wangali wanaishi.

Malale nayo imepungua sana. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba ile ya aina iliyofagia visiwa hivi si tatizo la afya ya umma tena katika Uganda. Kichocho, lakini, kingalipo. Kijidudu chake hutoka kwa konokono wa majini na hupenya ngozi ya muogeleaji, hasa penye mafunjo na maji yaliyotulia. Aliyeoga ziwani na apimwe arudipo, dawa ipo.

Zoezi la likizo. Asiyeweza kufika Ssese aende mwaloni Ggaba asubuhi mapema. Aandike majina ya samaki wote aonao, kwa Kiganda na kwa Kiswahili, na mbele ya kila jina aandike mwenyeji au mgeni. Achukue na rula: sheria yataka sangara asipungue inchi 20. Apime watano, kama mwenye samaki atamruhusu, na atuletee hesabu yake.